Hati Zako Ziwe Mkononi Mwako



Nawaandikia kutoka Merigi, wadi mojawapo ya eneo bunge la Bomet Mashariki, katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Kazi ya mume wangu ndiyo iliyotuleta huku, na ni mbali na nyumbani: basi la usiku kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha matatu ya kupitia Mai Mahiu na Narok mpaka Bomet mjini, kisha gari dogo la kumalizia safari. Asubuhi zetu ni za ukungu na baridi, na buibui langu la pwani limezoea kukaa juu ya sweta mbili. Majirani ni Wakipsigis, watu wa heshima na maziwa, na sisi Waislamu tu wachache. Mimi ni mwalimu wa muda. Hushika darasa la mwalimu aliye likizoni au mgonjwa, na pasipo darasa la kushika, hufanya kazi ya chekechea.

Kazi hii huja kama mvua ya huku, haitumi salamu. Simu hulia jioni, baina ya Maghrib na Isha, na sauti ya upande wa pili ni ya mwalimu mkuu: mwalimu wa gredi ya pili amejifungua kabla ya siku zake, je, mwalimu, waweza kuja kesho? Na kabla ya kukata simu huongeza neno moja: njoo na karatasi zako. Hasemi nizitafute, wala hasemi nizilete baada ya wiki mbili. Aliye nazo huingia darasani saa mbili asubuhi. Asiye nazo huambiwa asante, na simu ya pili hupigiwa mwingine.

Yafaa nieleze kwa nini kazi hii ipo. Tangu mapatano ya mwaka 2021 baina ya Tume ya Kuwaajiri Walimu, ambayo sote twaiita TSC, na vyama vya walimu, mwalimu aliyejifungua hupata siku 120 za likizo, nazo hapo awali zilikuwa 90. Siku 120 ni muhula mzima na ziada. Mwalimu huyo bado ni wa TSC na mshahara wake waendelea, basi darasa lake hubaki na pengo, na mwenye kuliziba pengo hilo aghalabu ni bodi ya shule kwa kile kidogo inachoweza kukikusanya. Ndiyo maana sisi huitwa walimu wa bodi. Malipo yetu si makubwa, na wakati mwingine huchelewa, lakini kwa mama mwenye watoto wa kulisha, muhula mmoja wa malipo ni unga, ni mafuta ya taa, ni sare ya mtoto.

Chekechea ina mlango wake mwingine. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Kwa hiyo mwalimu wa umma wa PP1 na PP2, madarasa ya watoto wa miaka minne na mitano, huajiriwa na kaunti. Kando ya hizo kuna chekechea za watu binafsi, na kuna vyumba vya kulelea watoto ambao mama zao huingia shambani mapema kuchuma chai. Jani la chai halingoji mtoto akue, na lisipofika kituo cha kununulia kwa wakati, jasho la siku ni bure. Mama huyo akimwacha mtoto wake mikononi mwangu, amenikabidhi kilicho ghali kuliko kilo zote atakazozipima siku hiyo.

Hapo ndipo nilipofahamu maana ya karatasi. Katika mitaa ya kwetu, mwanamke hujulikana kwa ukoo wake. Akisema yeye ni binti fulani, wa nyumba fulani, mjukuu wa yule mwalimu wa chuo aliyewasomesha nusu ya mtaa, mambo yamekwisha. Bibi yake ni shahidi wake, mtaa mzima ni mdhamini wake. Huku Merigi hakuna anayemjua bibi yangu. Mzee mmoja wa bodi ya shule, nilipofika mara ya kwanza, aliniuliza kwa upole na bila ya kejeli, "Mwalimu, nani anakujua hapa?" Sikukasirika. Wajukuu wake wawili walikuwa katika darasa lile, na lau ningekuwa yeye, ningeliuliza swali hilo hilo. Nilimpa bahasha yangu. Aliisoma karatasi kwa karatasi, akaikunja, akanirudishia kwa mikono miwili. Mwanamke aliyefuata mume au riziki mbali na kwao hana shahidi mwingine wa karibu zaidi ya hati zake.

Basi ndani ya bahasha mna nini? Mna kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa. Mna vyeti vya shule, hasa KCSE, na cheti cha mafunzo ya ualimu. Mna cheti cha usajili wa TSC, kwani sheria ya tume hiyo ya mwaka 2012 haimruhusu mtu kufundisha bila ya kusajiliwa, na mwalimu wa muda hakusamehewa. Mna namba ya KRA. Mna hati ya mwenendo mwema kutoka idara ya upelelezi wa jinai, ambayo huombwa na kulipiwa kwa mtandao wa eCitizen, kisha mwombaji huenda na fomu yake ya C24 kuchukuliwa alama za vidole, na vituo vya Huduma hufanya kazi hiyo. Mna fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na daktari, ile iitwayo GP 69. Mna picha ndogo nne na nambari za watu wawili wanaoweza kunisemea. Na kwa kuwa katika vyumba vya kulelea watoto mara nyingi mwalimu ndiye huyo huyo mpikaji wa uji, mna pia cheti cha afya cha washika chakula.

Kuwa nazo hakutoshi, kwa sababu karatasi zina umri. Cheti cha KCSE hakizeeki. Hati ya mwenendo mwema huhesabiwa kuwa mpya kwa mwaka mmoja tu, na baada ya hapo mwajiri hutaka nyingine. Cheti cha washika chakula ni cha miezi sita. Anayetaka kazi ya kudumu ya kaunti huongezewa na hati za kutodaiwa, ikiwemo ile ya kodi kutoka KRA, nayo pia ni ya miezi 12. Mimi nimeziandika tarehe hizi katika karatasi moja iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati, pamoja na tarehe za chanjo za watoto, na kila mwezi unapoandama huitazama. Iliyobakiza siku 60 huanza kuishughulikia. Siku 60 zaonekana nyingi, lakini toa siku za mvua, siku za mtandao kukatika, siku za kungoja foleni Bomet mjini, utaona zilizobaki si nyingi.

Sasa niingie katika jambo linalotugusa sisi watu wa pwani zaidi ya wengine, nalo ni majina. Sisi tuna majina mazuri, na karani asiyeyajua huyaandika anavyoyasikia. Fatma huwa Fatuma, Khadija huwa Hadija, Mwanakhamisi huwa Mwanahamisi, na jina la babu hutokea katika cheti kimoja na kupotea katika kingine. Nyumbani huku ni kuandika tu, kila mtu ajua ni wewe. Mbele ya mtu asiyekujua, Fatma na Fatuma ni wanawake wawili. Namfahamu mwanamke mmoja wa kwetu, mwenye mafunzo kamili ya chekechea na sauti ambayo watoto huifuata kama kuku wafuatavyo mtama, aliyekosa nafasi ya muhula mzima kwa sababu ya herufi moja, "k", iliyokuwemo katika kitambulisho na isiyokuwemo katika cheti. Shule ile haikumtukana. Ilisema tu kwamba haiwezi kungoja.

Tofauti ndogo ya maandishi huweza kuelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na hati hiyo ikae bahashani daima, nyuma ya cheti inachokieleza. Kubadilisha jina lenyewe ni safari nyingine, ndefu na ya gharama zaidi. Lakini dawa iliyo bora ni ya mapema. Mtoto anapoandikishwa mtihani wa taifa, shule huleta orodha ya majina ili ihakikishwe. Mama, siku hiyo nenda mwenyewe, na cheti cha kuzaliwa mkononi, usome herufi kwa herufi. Dakika kumi za siku hiyo zitamwokolea binti yako miezi atakapokuwa mtu mzima. Na hapa tuna neema yetu: dini yetu haimtaki mwanamke aache jina la baba yake kwa kuolewa. Ukibaki na jina lako kama ulivyoamriwa, vyeti vyako vya usichana na kitambulisho chako cha utu uzima vitasema lugha moja.

Liko jambo zito zaidi, nami nalisema kwa adabu, kwa kuwa gazeti hili husomwa na akina baba pia. Hati za wanawake wengi haziko mikononi mwao. Ziko katika sanduku la baba, au kabati la mume, au kwa kaka aliyezichukua kuzipiga kopi mwaka juzi. Nyingine zimelala katika ofisi za shule kwa sababu ya karo iliyobaki. Wakati wa amani halionekani kuwa tatizo. Nimemwona dada mmoja aliyetoka katika ndoa na watoto wawili, leso na mkoba wa nguo. Alipomaliza eda yake alipata chekechea iliyomtaka mara moja, kwa kuwa alikuwa amesomea kazi hiyo kabla ya kuolewa. Vyeti vyake vilikuwa katika nyumba alimotoka. Hakuna aliyemkatalia kwa maneno. Aliambiwa njoo kesho, njoo wiki ijayo, ufunguo hauonekani, mwenyewe amesafiri. Miezi mitatu ilipita ndipo mjomba wake alipokwenda na wazee wawili kuvichukua. Miezi mitatu hiyo watoto walilishwa na majirani, na nafasi ile ilikuwa imeshajazwa.

Mali ya mwanamke ni yake, na hili halina ubishi katika sheria yetu. Mahari ni yake, mirathi yake ni yake. Cheti alichokihangaikia kwa miaka ni mali pia, na kwa wengi wetu ndiyo mali pekee inayozaa. Mume mwema hapungukiwi na kitu mkewe akiwa na bahasha yake mwenyewe. Kinyume chake, siku atakapougua au kufutwa kazi, bahasha hiyo ndiyo itakayoweka sufuria mekoni. Na kwa wale walioachiwa vyeti shuleni, nawasihi wazazi waende kuzungumza na walimu wakuu wakati huu, walipe kidogo kidogo ikibidi, wasingoje mpaka siku kazi itakapoita.

Najua wako watakaosema kwamba karatasi hazifundishi mtoto. Ni kweli kabisa. Katika miaka ya 1980, pale Mombasa, Bi Swafiya Said na wenzake, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, walianzisha mpango wa chekechea za madrasa, ambao baadaye ulifika Zanzibar na Uganda. Walimu wake walikuwa wanawake wa mitaa hiyo hiyo, wengi wao wasiokuwa na elimu kubwa ya shule, wakafundishwa kazi hatua kwa hatua, wakatengeneza vifaa vya kuchezea kwa vifuu, makuti na makombe ya baharini, na watoto wakasoma. Cheti kilifuata kazi, hakikuitangulia. Lakini tazameni pia upande wa pili: wako akina mama waliofundisha chekechea miaka mingi, wakapokea asante na maandazi, wakaondoka bila ya karatasi hata moja inayosema walikuwepo. Leo mtu akiwauliza walifundisha wapi, jibu lao ni kumbukumbu za watoto ambao sasa ni watu wazima na wametawanyika.

Kwa sababu hiyo nina desturi moja ambayo ningependa kila mwalimu wa muda aishike. Muhula unapokwisha, kabla ya kuaga, omba barua ya utumishi. Iwe na tarehe ya kuanza na ya kumaliza, darasa ulilolishika, sahihi ya mwalimu mkuu na mhuri wa shule. Iombe siku ile ile, wangali wanakukumbuka na wangali wanakushukuru. Walimu wakuu huhamishwa na ofisi hubadilisha watu. Barua nne za mihula minne husema zaidi ya maneno mengi ya mdomo, na katika usaili wowote zitakuwa zimekaa mezani kabla hujafungua kinywa. Qurani yetu, katika aya iliyo ndefu kuliko zote, ndani ya Suratul Baqara, imetuamuru kuandika deni liwe dogo au kubwa, wala tusichoke kuliandika. Aya hiyo ni ya madeni, nami si mwanachuoni wa kuipeleka kwingine. Naichukua adabu yake tu: kilichoandikwa huwaepusha watu na shaka na ugomvi.

Tusisahau hatari zake. Bahasha iliyo tayari humvutia mwizi pia. Usimpe mtu cheti cha asili kilale kwake usiku mmoja; mwonyeshe, mwachie kopi. Juu ya kila kopi ya kitambulisho andika kwa kalamu shule unayoipelekea na tarehe, ili isitumike kwingine. Picha za hati zako ziweke katika barua pepe yako mwenyewe, na ukizipiga katika saiba, hakikisha umezifuta katika kompyuta yao kabla ya kuondoka. Na akikujia mtu kwa simu akisema ana kazi ya ualimu, tuma kitambulisho na ada ya fomu, jua kwamba mwajiri wa kweli hutaka kukuona. Dada zetu waliokwenda kufanya kazi za nyumbani Ghuba wanaweza kutusimulia maana ya hati yako kukaa katika droo ya mtu mwingine.

Tena lazima niseme lililo haki kwa upande wa bodi na waajiri. Gharama za karatasi hizi humwangukia aliye na kidogo. Ada ya hati ya mwenendo mwema, ada ya daktari, kopi, nauli ya kwenda mjini na kurudi, na siku nzima ya kazi iliyopotea, vyote hutoka mfukoni mwa mwanamke ambaye bado hajalipwa shilingi. Mwenye kuajiri kwa muhula mmoja angeomba zile zinazomlinda mtoto na zile zinazotakiwa na sheria, nyingine akazipa muda. Na sisi jamii tuna la kufanya. Vyama vyetu vya akina mama hukopeshana kwa harusi na kwa Idi. Vingeweza kukopeshana kwa hati. Mawakili wetu wanaokuja msikitini Ijumaa wangeweza, mara moja kwa mwezi, kukaa barazani saa moja baada ya sala na kuwaandikia mabinti viapo vya majina bila ya malipo. Hiyo ni sadaka ambayo mtoaji ataiona ikilisha nyumba kwa miaka.

Mzee yule wa bodi, baada ya muhula wangu wa kwanza, hakuniuliza tena bahasha. Alimleta mjukuu wake wa tatu, akamwambia kwa Kipsigis maneno niliyoelewa nusu yake, kisha akanigeukia na kusema kwa Kiswahili, "Sasa tunakujua." Karatasi zilinifungulia mlango, kazi iliyobaki ilifanywa na chaki, uji wa moto, na subira ya kuwafunga kamba za viatu watoto 30 wenye vidole vilivyoganda kwa baridi. Lakini mlango ule usingefunguka, lau bahasha ingekuwa mahali pengine.

Basi dada yangu, Jumamosi hii baada ya Asr, tandika mkeka. Toa hati zako zote, na za binti zako, na za mama yako mzee ambaye huenda hajui cheti chake kiko wapi. Soma kila jina, tazama kila tarehe, andika kinachokosekana. Kinachokaa kwa mtu mwingine, kiombe kwa wema. Kisha zitie katika bahasha moja, uzifunge katika mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua, uziweke mahali ambapo mkono wako utazifikia gizani.

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, na atufanye tuwe waaminifu kwa watoto wa wenzetu kama tunavyotaka wengine wawe kwa wetu. Amin.

Wassalaam alaykum.